Nesi wa Baiskeli wa Machimboni

Ukimuuliza kijana wa mtaa wa Machimboni alizaliwa wapi, asingekutajia hospitali. Angekutajia nyumba. "Safu ya saba, mlango wa nne," angesema, au "Kwa Mama Muasya, karibu na bomba la maji." Na ukimuuliza nani alimpokea, angekucheka kwa kutojua jambo ambalo kila mtu analijua. Miaka kumi na mitano, tangu sitini na tano hadi mwisho wa sabini na tisa, wanawake wa mtaa ule walijifungulia vitandani mwao wenyewe, na aliyewazalisha alikuwa mmoja tu: Sista Kanyiva, nesi wa baiskeli.

Machimboni ni mtaa wa nyumba za mawe katika upande wa mashariki wa Nairobi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Gikomba. Nyumba zilijengwa na halmashauri ya jiji, ambayo wakazi waliiita kanju, na siku hizo kanju ilikuwa kama jamaa wa pili katika kila familia. Ilikupa nyumba. Ilifagia uchochoro wako. Mtoto wako alikunywa maziwa ya kanju kwenye shule ya chekechea na akadungwa sindano kwenye kliniki yake. Hata kuzaliwa kwako, kanju ilimtuma mtu.

Kanyiva alitoka Mbooni, kwenye vilima vya Ukambani, na alikuwa mfupi, mwenye mikono midogo na miguu yenye nguvu ya kupanda baiskeli kwenye matope. Baiskeli ilikuwa nyeusi na nzito, mali ya kanju. Nyuma yake alifunga mkoba wa ngozi, nao pia mali ya kanju: makasi, uzi wa kufungia kitovu, mizani ya kuning'iniza, sabuni, dawa ya kuulia vijidudu, na katika mfuko wake wa ndani, chupa ndogo za ile sindano ya kuzuia damu baada ya kuzaa. Watoto wakicheza mpira uchochoroni walikuwa wakimwona anakuja wanaukanyaga mpira usitembee, ili apite. Baada ya kuzalisha, alirudi kila asubuhi kwa siku kumi kumtazama mama na kumwogesha mtoto, kisha akafuta jina daftarini na kwenda kwingine.

Mumewe, Matheka, alichonga vinyago katika karakana moja ya Gikomba. Walikuwa na mtoto mmoja, Koki, na nyumba ya vyumba viwili waliyopewa kwa sababu ya kazi ya Kanyiva. Matheka hakuona haya kulisema hilo. "Mimi ni mgeni wa mke wangu," alikuwa akiwaambia wachongaji wenzake, nao wakacheka.

Mwaka wa sabini na nne Kanyiva aliitwa safu ya kumi na moja kwa mwanamke mgeni anayeitwa Batulo. Mumewe, Wehliye, aliuza vitambaa kwa jumla karibu na Gikomba. Batulo alikuwa ametoka Garissa mwaka uliotangulia, na mamake, Ambaro, alikuwa amekuja kumwangalia katika uzazi wake wa kwanza. Ambaro alisimama mlangoni akamtazama Kanyiva kuanzia viatu hadi kofia.

"Mikono yako ni midogo kama ya mtoto," alisema. "Utamshikaje mjukuu wangu?"

"Atakuja mwenyewe, mama. Mimi nitamngoja tu."

Mjukuu akaja, mvulana, wakamwita Burale. Tangu siku hiyo nyumba mbili hizo zikawa moja. Idd ikifika, Batulo alimtuma mtu na sinia ya sambusa. Maembe yakiiva Mbooni, Kanyiva alimpelekea kikapu. Batulo alimwita Mama Koki, kamwe si Sista, na mtoto wa pili alipokuja, msichana, Ambaro hakusimama tena mlangoni. Alikaa jikoni akachemsha maji bila kuuliza neno.

Mwanzoni mwa mwaka wa themanini waraka ulifika kliniki ya Machimboni. Msimamizi wa manesi, mwanamke mtulivu aitwaye Rispa, aliusoma kwa sauti mbele ya wote. Uzalishaji wa majumbani umekomeshwa. Akina mama wote wataandikishwa katika hospitali za uzazi. Vifaa vya wakunga virudishwe ghalani kabla ya mwisho wa mwezi.

Kanyiva hakuwa mpinzani wa hospitali. Alikuwa amewahi kumshika mama aliyepasuka mfuko wa uzazi na kuomba daktari atokee kutoka ardhini. Aliuliza swali moja tu.

"Na atakayeshikwa na uchungu Jumapili?"

"Kuna ambulensi," Rispa akasema. "Wapige simu."

"Ambulensi ngapi, Matroni?"

Rispa aliukunja waraka mara mbili. "Moja ya eneo letu," alisema. "Wameahidi ya pili."

Kanyiva aliusukuma mkoba hadi ghalani juu ya ile baiskeli, akavitoa vitu kimoja kimoja juu ya meza ya mtunza ghala. Chupa za sindano zilikuwa sita. Mtunza ghala alizitia kwenye sanduku la kadibodi. Jioni alitembea kwenda nyumbani, na watoto wa uchochoroni hawakumtambua upesi, kwa hiyo mpira ulimpiga mguuni.

Kuanzia hapo alifanya kazi kliniki, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa. Alipima watoto uzito, akawaandikia wenye mimba kadi, akawapa tarehe. Bado waligonga mlango wake. Walikuja waume wenye jasho, mama wakwe, hata watoto waliotumwa. Kwa mwaka mzima aliwajibu vilevile: nendeni kibanda cha simu kilichoko sokoni, pigeni namba hii, mimi sina ruhusa, sina hata uzi. Mara nyingi ambulensi ilikuja. Mara nyingine ilikuja mtoto akiwa amekwisha kulia. Kila siku kama hiyo alikaa kitandani na kusikiliza, na Matheka akamwambia, "Umefanya ulivyoagizwa," naye akajibu, "Najua."

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, mwaka wa themanini na moja, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kanyiva alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa gauni lake la kanisani, anachambua mchele, Wehliye alipotokea mlangoni bila viatu.

"Mama Koki, Mama Burale ameshikwa."

"Tarehe yake ni wiki mbili zijazo. Mmepiga simu?"

"Nimepiga mara mbili. Wanasema gari linakuja. Ni saa nzima sasa." Alifuta maji usoni. "Nilitafuta teksi. Wawili wamekataa, wanasema barabara ya chini imejaa maji, na kiti kitaharibika. Anakuita wewe."

Kanyiva aliweka ungo chini. Alimtazama mumewe. Matheka hakusema nenda, wala hakusema usiende. Alisema, "Chukua kanzu yangu ya mvua."

Alipoingia safu ya kumi na moja, alijua mara moja kwamba hakuna gari litakalowahi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana. Ambaro alikuwa amepiga magoti nyuma ya bintiye amemshika mabega, na maji yalikuwa yanachemka. Kanyiva alinawa hadi viwikoni kwa sabuni ya kufulia nguo. Makasi yalikuwa ya Wehliye, ya kukatia vitambaa; akayachemsha. Uzi aliung'oa kwenye pindo la shuka jipya.

"Gari limefika?" Batulo aliuliza.

"Liko njiani. Usisukume bado. Pumua."

Mtoto alitoka saa saba na robo, msichana, mzito, mwenye sauti. Kanyiva alimlaza kifuani pa mama na kwa kitambo kidogo chumba kizima kilipumua. Wehliye, aliyekuwa nje chini ya mvua, alisikia kilio na kusema maneno ya kumshukuru Mungu kwa sauti ya juu, na majirani wakayaitikia.

Kisha kondo la nyuma likatoka, na damu ikaja nyuma yake, na haikukoma.

Kanyiva alifanya yote aliyofundishwa. Alilisugua tumbo hadi misuli ya mkono wake ikatetemeka. Aliliweka titi mdomoni mwa mtoto, maana hilo husaidia tumbo kujikaza. Aliingiza mkono mmoja, akabana kwa mwingine kutoka juu. Tumbo lilijikaza kidogo chini ya kiganja chake, kisha likalegea tena kama unga uliotiwa maji mengi. Alijua ni nini kilichotakiwa. Chupa moja ya ile sindano. Kitu kisichozidi kidole cha mtoto kwa urefu, na dakika mbili za kungoja.

"Gari limefika?" Batulo aliuliza tena. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

"Baba Burale!" Kanyiva aliita. "Tafuta chochote chenye magurudumu!"

Wehliye alileta mkokoteni. Ulikuwa wa mbebaji mmoja wa sokoni aliyeishi safu ya tisa, ule wa kubebea marobota ya nguo. Walitandika godoro, wakamlaza Batulo, wakamfunika kwa turubai. Kanyiva alipanda pamoja naye, akapiga magoti katikati ya miguu yake, mkono wake haukutoka pale ulipokuwa. Wanaume wanne wakausukuma na kuuvuta. Barabara ilikuwa mto wa tope jekundu, na kila gurudumu lilipozama, wote waliita kwa pamoja wakainua. Watu walitoka milangoni. Wanawake aliowazalisha walisimama kwenye mvua bila kujifunika wakamtazama Sista Kanyiva akipita na gauni lake la kanisani likiwa jekundu hadi kifuani.

Walipofika kwenye lami, karibu na kituo cha mafuta, Batulo aliuliza mara ya tatu. Hakumaliza maneno. Alisema tu, "Gari..." na macho yake yakabaki wazi yakilitazama turubai. Kanyiva aliendelea kubana. Aliendelea mpaka lango la hospitali, mpaka daktari kijana alipomshika kifundo cha mkono akamwambia kwa upole, "Mama, inatosha. Muda mrefu sasa."

Walimzika Batulo siku iliyofuata kabla ya adhuhuri. Kanyiva hakwenda makaburini. Saa mbili asubuhi alikuwa ameshasimama mbele ya meza ya Rispa, akaeleza yote tangu mwanzo hadi mwisho, kama anayesoma kadi ya mgonjwa. Rispa alilia. Aliuziba mdomo kwa leso akalia bila sauti, kisha akasema, "Ungekaa nyumbani kwako, Sista. Mungu anisamehe, lakini ungekaa nyumbani kwako. Angekufa vilevile, na wewe usingekuwa na kosa."

"Na mtoto?"

Rispa aliikunja leso. Alichukua kalamu akaanza kuandika ripoti, kwa sababu hilo lilikuwa lazima.

Siku ya tatu, Kisilu, dereva wa ambulensi ya eneo, alimngojea Kanyiva nyuma ya kliniki. Alikuwa kijana mwenye mzaha mwingi siku zote, lakini siku hiyo hakuwa na hata mmoja.

"Sista, usiniulize nani amenituma. Sijatumwa. Nataka tu ujue gari halikuwa bovu." Alichora ardhini kwa ncha ya kiatu. "Kulikuwa na harambee ya kuchangisha pesa upande ule mwingine. Diwani alitaka gari la kubebea viti na hema. Nilimwambia hii ni ya wagonjwa, bosi. Akaniambia, wagonjwa gani Jumapili? Redio ya gari iliita mara tatu nikiwa napakua viti. Nikaambiwa maliza kwanza."

"Utasema hivyo wakikuuliza?"

Kisilu alitazama pembeni. "Nina watoto, Sista," alisema. "Hakuna atakayeniuliza."

Wiki iliyofuata Kanyiva aliitwa ofisi ya kanju mjini. Ofisa aliyempokea aliitwa Kilonzo, mtu mzima, mwenye suti ya kijivu na adabu nyingi. Alimsalimu kwa Kikamba, akamuuliza habari za Mbooni na mvua za kule, akamwagizia chai. Kisha akasukuma karatasi mbele yake. Ilikuwa tayari imepigwa chapa.

"Dada, mimi sitaki mabaya yakupate," alisema. "Ulivunja agizo. Mama amekufa mikononi mwako. Wako wanaotaka upelekwe mahakamani. Lakini hii ikitiwa sahihi, faili linafungwa leo. Soma taratibu."

Kanyiva alisoma. Karatasi ilisema kwamba marehemu, kwa sababu za mila na desturi za jamii yake, alikataa kupelekwa hospitali. Ilisema kwamba alijifungua akiwa na jamaa zake peke yao. Ilisema kwamba nesi Kanyiva, akiwa jirani, aliitwa baadaye na akamkuta amekwisha kuzidiwa.

"Hakuna anayeumia," Kilonzo alisema. "Mumewe hatashtakiwa, nimehakikisha. Wewe unabaki kazini."

"Naomba niende nayo nyumbani."

"Haitoki hapa, dada. Lakini nakupa mpaka Ijumaa ufikirie."

Jioni hiyo Matheka alimsikiliza huku akipiga msasa twiga asiye na masikio bado. Alipomaliza kumsikia aliweka kazi chini.

"Tia sahihi," alisema.

"Ni uongo, Baba Koki."

"Ni uongo wao. Wameuandika wao, wameupiga chapa wao. Wewe unaweka jina tu. Tukifukuzwa hapa, Koki atasomea wapi? Mimi vinyago vyangu vinanunuliwa mzungu akitaka, asipotaka tunakula nini?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa, na hilo lilimuumiza Kanyiva zaidi.

Alhamisi alikwenda safu ya kumi na moja. Ambaro alikuwa amembeba mtoto, anamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kijiko. Walikuwa wamempa jina, Kaha. Wehliye aliketi chini ameegemea ukuta, ndevu hazijanyolewa. Kanyiva aliwaeleza karatasi ilivyoandikwa, neno kwa neno, maana hakutaka walisikie kwa mwingine.

Wehliye alijipangusa uso kwa kiganja. "Mama Koki," alisema mwishowe, "mimi nikienda kusema kwao, wataniuliza kwanza kama mimi ni raia: kitambulisho changu, halafu cha baba yangu, halafu cha babu yangu. Mambo ya Batulo hawatafika. Wewe una mtoto shuleni. Weka sahihi. Mimi sitakuchukia."

"Weka," Ambaro alisema pia, bila kuinua macho kwenye kijiko. "Binti yangu hasomi makaratasi yao."

Kwa hiyo Ijumaa Kanyiva alikwenda mjini akiwa ameamua kutia sahihi. Hilo ni lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu wa Machimboni walimsimulia kama mwanamke aliyeingia ofisini kama simba. Haikuwa hivyo. Alikuwa amechoka, amepewa ruhusa na mumewe na ruhusa na wenye msiba, na alitaka jambo liishe. Alikaa, akapewa kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Ndipo jicho lake likarudi juu kwenye lile neno: alikataa.

Alisikia sauti ya Batulo ikiuliza gari limefika. Mara ya kwanza akiwa na nguvu, mara ya pili na midomo isiyo na damu, mara ya tatu neno moja tu. Mtu aliyeliulizia gari mpaka pumzi ya mwisho, sasa aandikwe kuwa alilikataa.

Aliweka kalamu chini.

"Hakukataa," alisema.

"Dada..."

"Aliliulizia mara tatu. Andikeni kwamba niliingia bila ruhusa, nitatia sahihi. Andikeni nilimkata mtoto kitovu kwa makasi ya kukatia vitambaa, nitatia sahihi. Hilo la kukataa, siwezi. Andikeni gari lilikuwa wapi."

Kilonzo alimtazama kwa huzuni ambayo huenda ilikuwa ya kweli. Aliichukua karatasi yenye herufi moja, akaikunja, akaitia kwenye droo. "Gari lilikuwa gereji," alisema. "Ndivyo ilivyo kwenye daftari la gari. Nenda salama, dada."

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Alikuwa amestaafishwa kwa maslahi ya umma, na nyumba iachwe wazi katika siku thelathini. Hakushtakiwa popote. Hakuna aliyemuuliza Kisilu kitu, kama alivyosema. Rispa alimletea mkebe wa majani ya chai.

Walihamia Kariobangi, chumba kimoja nyuma ya karakana ya mafundi wa mabati waliokuwa wakigonga nyundo tangu kucha hadi kuchwa. Kanyiva aliuza nguo kuukuu za watoto pale Gikomba, akizichagua kwenye marobota na kuzifua usiku. Koki alisoma mpaka kidato cha tatu, kisha akaacha, akapata kazi ya kushona kwenye kiwanda cha nguo. Matheka hakumlaumu mkewe hata siku moja. Ila aliacha kujiita mgeni wake mbele ya wachongaji, na mazungumzo yao yakapungua kidogo kidogo hadi yakabaki ya chumvi na maji. Mwaka wa themanini na tano aliugua kifua kwa sababu ya vumbi la mbao, akarudi Mbooni kupumzika, na akafia huko.

Wanawake walimfuata hata Gikomba. Walitoka Machimboni na mimba zao wakamkuta kwenye meza ya mitumba. Hakukubali tena kumzalisha mtu. Alilofanya ni kuwashauri. Mwezi wa mwisho ukifika aliwaambia wakalale kwa jamaa anayekaa karibu na hospitali, wasingoje uchungu, wasingoje gari. Wengine walimtii. Wengine hawakuwa na jamaa karibu na hospitali yoyote. Ambulensi ya pili ilisemwa katika kila kampeni ya udiwani, na ile ya kwanza ikaonekana mara chache zaidi, kisha ikasimama kwenye mawe nyuma ya ukumbi wa mtaa, kuku wakitaga ndani yake.

Mwishoni mwa mwaka wa themanini na saba Wehliye alikuja Gikomba akaketi kwenye kigoda mbele ya meza yake. Alikuwa amezeeka. Pembeni yake alisimama msichana mrefu, mwembamba, anayezitazama nguo bila kuzigusa.

"Huyu ndiye Kaha," alisema. "Msalimie, Kaha. Huyu ndiye aliyekupokea."

Msichana alimpa mkono. Kanyiva aliushika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Anaingia darasa la kwanza Januari," Wehliye aliendelea. "Shule wanataka cheti cha kuzaliwa. Burale na mdogo wake wanavyo, kwa sababu uliwaandika wewe wakati ule, kanju ikawapa. Huyu hana karatasi yoyote. Nimekwenda mara nne. Wananiambia nilete aliyemzalisha."

Kesho yake Kanyiva hakufungua meza. Alivaa vizuri, wakaenda wote watatu kwenye ofisi ya usajili. Walisimama kwenye foleni kuanzia asubuhi. Karani alikuwa kijana mpole wa miaka ishirini na kitu, na Kanyiva alipomuuliza kwao ni wapi, akasema Machimboni, safu ya tano. Mamake alikuwa nani? Alipomtaja, Kanyiva alimkumbuka vizuri: uzazi mgumu, mapacha, mmoja hakuishi. Hakusema.

"Mimi ndiye niliyemzalisha mtoto huyu," alimwambia. "Tarehe kumi na mbili Aprili, themanini na moja, saa saba na robo mchana. Naweza kuandika yote."

"Sawa, mama. Namba yako ya uuguzi?"

Alimtajia. Karani alifungua kitabu kikubwa, akashusha kidole kwenye safu za majina, akarudi juu, akashusha tena.

"Wakati huo ulikuwa kazini? Ulikuwa na ruhusa ya kuzalisha nyumbani?"

"Sikuwa na ruhusa."

"Basi sahihi yako hapa haina nguvu, mama. Sio mimi nakataa. Ndivyo sheria ilivyo." Alikuna kichwa. Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu na mtu mmoja alianza kunung'unika. "Lakini kuna njia. Nitaandika alizaliwa nyumbani bila mhudumu. Kwa hiyo baba mzazi anatia sahihi, na jirani mmoja anashuhudia kwamba anamjua mtoto. Hapo cheti kinatoka. Bila hivyo, hakitoki, na shule inafunguliwa."

Wehliye alimgeukia Kanyiva. Alikuwa anataka kusema huo si ukweli, na Kanyiva alijua, kwa hiyo akamwahi.

"Andika hivyo," alimwambia karani.

Kijana aliandika kwa mwandiko mzuri, wa shule. Kwenye nafasi ya mhudumu wa uzazi aliandika: Hakuwepo. Alipiga muhuri, akaigeuza karatasi. Wehliye alitia sahihi yake. Kisha Kanyiva akaichukua kalamu, akaandika jina lake lote, bila kusita, mahali pa jirani.

Walitoka nje kwenye jua. Kaha alitaka kujua kama sasa ataenda shule kweli, baba yake akamwambia ndiyo, kweli. Kanyiva aliwaaga kwenye njia panda, akaelekea Gikomba. Ilikuwa saa nane bado, angeweza kufungua meza. Badala yake alikaa kwenye ukingo wa barabara, mikono yake midogo juu ya magoti, akawatazama wale wawili mpaka wakapotea katikati ya mikokoteni.